Chungu cha Gongagonga

Mwanamke ninayetaka kumweleza huanza kazi yake kwa kubisha hodi. Asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, hupita katikati ya vyungu mia tatu na ushei vya nyumba ya vioo, akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio ameliinamisha kama mtu aliyesimama mlangoni pa mgonjwa. Chungu cha udongo kikiwa kikavu hulia ngee, kama kikombe. Kikiwa kimelowa husema bu, basi. Kinacholia hupewa maji, kisicholia hupitwa. Wenzake wakambandika jina la Gongagonga, naye akalipokea. Alisema jina la kazini ni kama ovaroli: hulichagui, unaangalia tu kama linakutosha.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya miguu yangu. Nilikuwa tarishi miaka thelathini na moja, nikipeleka mafaili kutoka ofisi hii hadi ile, na nilipostaafu, miguu haikupata barua. Ikaendelea kwenda. Siku moja mvua ikanisukuma ndani ya nyumba ya vioo ya bustani ya umma, ambayo nilikuwa nimeipita maelfu ya mara na bahasha kwapani bila kuinua macho. Nilipofungua mlango joto likanipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria. Kuna vyumba vitatu. Cha kwanza kina miti mirefu yenye majani mapana kama mikeka. Cha mwisho ni cha mimea ya miiba, mikavu na mikimya kama watu wanaosubiri kuitwa mahakamani. Cha katikati ndicho kilichoniteka: chumba cha misimu. Humo vyungu hubadilishwa kila maua yanapopokezana zamu. Unaondoka umeacha manjano, unarudi unakuta zambarau, na harufu nayo imehama. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Jumanne na Ijumaa.

Sasa niseme habari ya chupa, maana bila chupa hakuna hadithi.

Ninaishi na mwanangu na mkewe. Daktari alisema figo zangu zinataka maji, na mkwe wangu akaligeuza neno hilo kuwa sheria. Kila asubuhi hunijazia chupa ya lita moja na nusu. Jioni huipokea mlangoni, akaiinua kwenye mwanga kama askari wa forodha.

"Baba, yamebaki."

"Tone tu hilo, mama."

"Tone nalo ni maji."

Nampenda sana, lakini mzee wa umri wangu akinywa lita moja na nusu, matembezi yake yote huishia chooni. Basi nikatafuta mahali pa kuyapeleka. Pale chumba cha misimu, pembeni, palikuwa na chungu kikubwa kilichonitia huruma. Ndani yake mlikuwa na kitunguu cha ua, kikubwa kama kichwa cha mtoto, kimetoa shingo juu ya udongo, majani yamenyauka na kulala ubavuni. Wengine wote wamependeza, yeye peke yake kakaushwa na kusahauliwa. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikammwagia nusu chupa. Nilitoka nikijiona mtu mwema. Figo zimepata, kitunguu kimepata, mkwe karidhika. Nikafanya hivyo Jumanne na Ijumaa, mwaka wa kwanza na wa pili.

Gongagonga alipoanza kunisalimia, tukawa tunazungumza. Aliniambia aliingia pale kama mfagiaji, baada ya kiwanda cha dobi alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Alikuwa na watoto wawili na mikono iliyozoea maji ya moto. Mtunza bustani wa wakati ule, mzee waliyemwita Fundi, alimwona anafagia bila kuvunja hata jani moja. Hakumfundisha kwa maneno mengi. Alimwekea vyungu viwili mbele akasema, "Sikiliza, halafu niambie kipi kinadanganya." Ikamchukua miezi minne kusikia. Cheti hana hadi leo. Nyumbani kwake, alisema, hakuna hata jani moja.

"Unanishangaa, Babu? Dereva wa lori akifika kwake huwa anaendesha kitanda?"

Ijumaa moja nilimkuta kwenye chumba cha nyuma, kile cha kuchanganyia udongo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, glavu mapajani. Hakuwa akifanya kitu, na Gongagonga asiyefanya kitu si jambo la kawaida.

"Nimebakiza wiki kumi na moja, Babu," akasema.

"Za kufanya nini?"

"Za kuwa mtu wa maua. Baada ya hapo narudi kwenye ufagio."

Akanieleza. Fundi alipoondoka kazini alimwachia vyungu vyote kwa ajili ya bustani, ila kimoja alimkabidhi mkononi. Ndani yake kulikuwa na kitunguu kilichotoa, kila msimu wa maonyesho, mabua mawili na maua mekundu kumi na moja, kila ua pana kama sahani. Watu walikuwa wakipanga foleni kukiona. Tangu Fundi aondoke, msimu wa kwanza hakikutoa ua. Wa pili, hakikutoa ua. Majani tu, tena ya ovyo, yasiyojua saa. Msimamizi wa nyumba ya vioo akasema: mwaka huu siku ya kufungua maonyesho ikifika na chungu hakina dalili, kitunguu kitakwenda kwenye shimo la mboji, na chumba cha misimu atapewa mtu mwenye cheti.

"Chungu kipi hicho?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kukijua.

"Kile cha pembeni. Kitunguu chake, Babu, hakichanui kikishiba. Majani yakinyauka unakinyima maji wiki kumi kamili. Kilale na njaa. Fundi alisema kiumbe hukumbuka watoto akihisi mwisho umekaribia. Basi nakinyima! Lakini Jumatano asubuhi nakigonga, bu. Jumamosi nakigonga, bu. Kimelowa. Nikasema paa linavuja. Nimekihamisha mara tatu. Bado, bu."

Alikuwa anasema kweli. Alikihamisha mara tatu, nami mara tatu nilikitafuta. Safari moja nilikikuta nyuma ya pazia la majani, nikasema moyoni, maskini, wamemficha ili afe bila kuonekana. Nikamwongezea.

"Wakaletwa mafundi," akaendelea, "wakapanda juu, wakakagua kioo kwa kioo. Hakuna tundu. Sasa wanasema nasikia maji yasiyokuwepo. Jana mkata tiketi ananiuliza mbele za watu, 'Dada, ukijigonga kichwa, kinasema nini?'" Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Na mimi nimeanza kujiuliza. Sikio likinidanganya, Babu, sina kingine. Wenzangu wana karatasi. Mimi nina sikio."

Ningesema palepale. Sikusema. Nilisimama na chupa begani, nikamwambia Mungu yupo, nikatoka.

Nilizunguka mchana kutwa. Nilipita mtaa wa mafundi cherehani, nikapita posta, nikapita ofisi yangu ya zamani, na mlinzi akanipungia mkono nisimwone. Jioni mkwe akainua chupa kwenye mwanga.

"Baba, hii haijafunguliwa hata kizibo. Unaumwa?"

Nikamwambia yote. Alianza kwa kucheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla.

"Kwa hiyo miaka miwili mimi namwagilia maua ya serikali huku nikiziombea figo zako."

"Ni hivyo, mama."

"Na yule mama anaonekana mwehu kwa ajili ya maji yangu."

"Ni hivyo."

"Kesho asubuhi unakwenda kusema. Si kwake tu. Kwa huyo mkubwa wake pia."

"Watanipiga marufuku. Nitakwenda wapi siku ya Jumanne?"

"Wakikupiga marufuku utakaa hapa unywe maji."

Kesho yake nilikuwa getini kabla halijafunguliwa. Nilimkuta Gongagonga na msimamizi chumba cha misimu, karibu na chungu chenyewe. Yule bwana ni kijana kwa macho yangu, kalamu tatu mfukoni, mtu wa haki lakini wa haraka. Gongagonga ndiyo kwanza amekigonga, naye anatikisa kichwa.

"Paa halivuji," nikasema. "Paa ni mimi."

Nikaweka chupa juu ya meza, nikaeleza tangu mwanzo, daktari, mkwe, huruma, pazia la majani. Nilipomaliza, msimamizi akanyoosha kidole ukutani.

"Mzee, kile kibao hukukiona? Kimeandikwa usiguse mimea."

"Kusoma najua kidogo, mwanangu. Sikugusa. Nilimwaga."

Gongagonga alinikaribia. Nilitegemea maneno makali, na yangekuwa haki yake. Badala yake akainua kifundo cha kidole kuelekea paji la uso wangu, akaona mvi, akaheshimu, akaigonga chupa.

"Ungekuwa rika langu, Babu, ningegonga kichwa nisikie." Akageukia vyungu vingine akajifanya anaondoa jani. Halafu akasema, akiwa ametupa mgongo, "Kumbe sikio lilikuwa linasikia."

"Sikio lako sina la kusema tena," msimamizi akamwambia. "Lakini tarehe ya maonyesho haisogei. Imeshatangazwa."

"Zimebaki wiki kumi na moja. Zangu ni kumi."

"Na huyu mzee?"

"Huyu ni wangu. Atafanya adhabu."

Adhabu yangu ilikuwa kukaa. Alinitolea benchi, akaliweka mbele ya chungu, nikawa mlinzi wa ukame kila siku isipokuwa Jumatatu, wanapofunga. Na maji yangu nikanywa yote, tone kwa tone, maana mkwe alikuwa amempigia Gongagonga simu, wakaungana dhidi yangu wanawake wawili wasiojuana hata sura. Kila nilipobanwa nilimwomba mkata tiketi anishikie zamu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba wema ni wengi duniani. Mama mmoja alitaka kukipa maji ya kopo. Bwana mmoja mwenye tai aliniuliza kama nina moyo, nimekaa nakitazama kiumbe kikifa. Na wiki ya tatu, nikirudi kutoka chooni kimya kimya kwa viatu vyangu vya raba, namkuta mkata tiketi mwenyewe ameinama, kikombe mkononi, masalio ya chai yake yanaelekea kwenye chungu.

"We!"

Akaruka. Chai ikaishia kwenye suruali.

"Babu, usinitangaze. Nakionea huruma. Kimekauka kama fimbo."

"Umekuwa ukikinywesha tangu lini?"

"Si mara nyingi. Ikipoa tu."

"Na ndiwe unayeuliza kichwa cha mwenzio kinasema nini."

Siku hiyohiyo nilimwona anamfuata Gongagonga hadi chumba cha udongo, kofia mkononi, na tangu hapo akimwita anamwita Fundi.

Wiki ya tano, ngee. Ya saba, ngee. Ya tisa nilianza mwenyewe kusikia tofauti, au nilijidai kusikia. Kitunguu kilikuwa kimesinyaa, ngozi ya kahawia inajivua kama karatasi kuukuu, hakuna dalili ya kitu. Kila chungu kingine mle ndani kilikuwa kinajiandaa kwa sherehe. Gongagonga alifanya kazi yake yote, akapanga manjano hapa na meupe pale, lakini kila akipita pembeni alipunguza hatua. Siku moja aliniambia kwamba ufagio wake wa zamani bado upo kabatini, ameuona. Alisema hivyo tu.

Wiki ya kumi ikaisha. Hakuna kitu. Ya kumi na moja ikaanza kuisha nayo.

Asubuhi ya maonyesho nilifika mapema. Nilimkuta amepiga magoti chini, uso umekaribia udongo. Nikadhani analia.

"Babu, njoo na macho yako."

Sikuona kitu. Akanielekeza kwa ncha ya jani. Ubavuni mwa shingo ya kitunguu, kati ya ngozi na ngozi, kulikuwa kumetokeza kitu bapa, kijani chenye wekundu, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo.

"Jani?" nikauliza.

"Jani huja na mwenzake na ncha yake ni nyembamba. Hili limekuja peke yake na limenenepa. Hili ni bua, Babu."

Msimamizi akaja na kalamu zake tatu. Akachuchumaa kando yetu, akatazama, akatazama tena. Nje foleni ilikuwa imeanza, watu wanasikika.

"Litachanua lini?"

"Mwezi na kidogo. Siwezi kukuambia uongo, leo halichanui."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akanyoosha mkono, akakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, kwa woga, kama anayebisha nyumba ya wakwe.

"Kinasemaje?" Gongagonga akamuuliza.

"Sijui. Ngee?"

"Ngee."

Akasimama, akajipangusa magoti. "Nilisema dalili, sikusema ua. Dalili hii hapa. Chumba kitabaki mkononi mwako, na hiki chungu kiende meza ya mbele." Akachukua kalamu moja na kipande cha kadi, akaandika neno moja, akakisimamisha mbele ya kitunguu kilichosinyaa: KINAKUJA. Watu walioingia siku ile walipita kwenye maua mia tatu yaliyochanua wakaenda kuinama mbele ya lile ambalo halijachanua, wakioneshana kwa vidole.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Kabla geti halijafunguliwa, Gongagonga alikwenda kwenye bomba, akarudi na kikombe kimoja cha maji.

"Kimeshalala vya kutosha. Sasa kinaamka na kiu. Mpe wewe, nusu tu."

Nikayamimina pembeni pembeni, polepole, udongo ukayavuta kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekunywa akiwa bado na usingizi. Nilipofika nusu nikasimama. Nusu iliyobaki aliitazama Gongagonga, akanitazama mimi, na kabla hajasema neno nikainywa.