Baba Alivyokigomea Kitanda

Baba yangu ni mzee wa kanisa hapa Tabora, na katika Biblia nzima anawapenda zaidi manabii wakali. Ikifika zamu yake ya kuhubiri, matajiri wa mji huu afadhali wawe safarini. Kipenzi chake ni yule nabii aliyewafokea watu wa kujinyoosha juu ya vitanda vya pembe za ndovu. Hapo baba hupandisha sauti. "Babu yangu alizibeba pembe hizo begani mpaka pwani," husema, "na hakulalia hata moja!" Waumini hucheka, naye hufurahi kuliko anavyotaka tujue.

Mwaka jana mama aliteleza uani akavunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Kitete. Alipokaribia kuruhusiwa, daktari alituonya asilale tena kitanda cha chini, maana kuinuka kungemtesa. Kitanda chao cha kamba kilikuwa kimebonyea hadi kinakaribia sakafu. Mimi nauza asali, na msimu ulikuwa mzuri. Nikaenda kwa seremala mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, nikaagiza kitanda cha mninga, kipana, chenye miguu mirefu. Seremala naye alinogewa na kazi, akapachika kwenye ubao wa kichwani maua meupe ya mfupa wa ng'ombe. Kilikuwa kizuri, jamani! Nilimwambia mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo iliyokibeba, apite barabara ya kanisani, ingawa ile ya nyuma ndiyo fupi.

Baba alipoona ule weupe, akanuna.

"Hizo ni pembe?"

"Mfupa wa ng'ombe, baba."

"Leo ng'ombe, kesho ndovu. Nimehubiri juzi tu! Watu watasemaje?"

Akatandika mkeka sebuleni. Mama akarudi kutoka hospitali, akalala peke yake, na usiku ni mimi niliyekuwa nikiamka kumgeuza ubavu. Asubuhi nilipompelekea uji aliniambia, "Kitanda kitamu mwanangu, ila kwa mtu mmoja kikubwa mno." Nilikasirika. Nilikuwa na maneno ya kumwambia baba, ila ni yale ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, basi nikaishia kukwangua sufuria kwa nguvu.

Jumapili wanakwaya wakaja kumjulia hali mama. Kabla hawajafika chumbani, baba akawaonyesha mkeka, akawaeleza sababu yake kwa kirefu.

"Mzee wetu, wewe ni mfano," wakasema. "Mali haijakupa kiburi."

Baba akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kisha akausogeza mkeka kidogo ili waliobaki mlangoni nao wauone.

"Mzee!" mama akaita kutoka chumbani. "Hebu wasomee huyo nabii wako. Mpaka mwisho, lakini."

Baba akafungua Biblia kwa raha zake. Akasoma habari za vitanda, za karamu na vinanda, za mvinyo na mafuta mazuri. Halafu sauti ikaanza kupungua. Kumbe nabii hakuishia kwenye vitanda. Kilichomuudhi ni kwamba watu wale walijistarehesha wala hawakuumia kwa mateso ya ndugu zao. Miaka yote baba alikuwa akikomea kwenye pembe.

"Haya, sasa waambie," mama akasema. "Wewe huko mkekani unakoroma vizuri. Mimi nani ananigeuza?"

Wanakwaya wakatazama sakafu. Aliyeanza kucheka ni mama mwenyewe, na hapo sote tukaangua kicheko, isipokuwa baba. Alifunga Biblia, akakunja mkeka, akavua viatu vyake vya Jumapili, akaingia navyo chumbani mkononi.

"Sogea," tukamsikia akisema.

"Nitasogeaje na nyonga hii? Zunguka upande wa pili."

Akazunguka. Tangu siku hiyo sijaamka tena usiku kumgeuza mama.