Kuni za Harusi ya Yumna

Bi Mwanapili Mjaka ni mbishi, na mimi sipendi wabishi. Nimepika shughuli miaka thelathini, kutoka Vitongoji mpaka Wete, na hajatokea mwenye shughuli mwengine aliyenikalia kuni zangu. Yeye alizikalia. Asubuhi ya harusi ya mwanawe wa pekee, na doti mpya ya kanga mwilini na hina haijakauka vizuri mkononi, alipanda juu ya rundo akakaa kitako. Akasema tukitaka moto tumchome na yeye.

Kuni zenyewe zilikuwa za mkandaa. Asiyepikia watu wengi hajui mkandaa ni nini jikoni. Ni mti wa pwani, huota matopeni pamoja na mikoko, na kuni zake hazina moshi wala hazirushi cheche. Ukishaziwasha unaweza kwenda kusali, ukirudi unaukuta moto uleule. Mkandaa humdekeza mpishi, nami nilikuwa nimedeka hasa.

Ili mjue kwa nini alizikalia, lazima niwapeleke bondeni kwanza. Kijiji chetu cha Chamboni kiko mashariki ya Chake, na bonde letu la mpunga limegawiwa ngwe, kila mtu na kipande chake. Ngwe ya Bi Mwanapili aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na bibi yake. Ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa bahari. Baada yake kuna tuta la udongo, baada ya tuta mikandaa, baada ya mikandaa maji. Tulipokuwa wadogo, ukisimama bondeni huioni bahari kwa jinsi ule msitu ulivyofunga. Ukakatwa kwa boriti, ukakatwa kwa kuchomea chokaa, ukakatwa kwa shughuli zangu mimi. Na sisi tukikata, maji nayo yanapanda. Zamani bamvua, yale maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, kila mzee alikuonesha litaishia wapi. Siku hizi hakuna anayethubutu kuonesha.

Miaka sita iliyopita lilivuka tuta likalala ndani ya ngwe ya Bi Mwanapili siku tatu. Mpunga ulikuwa umeshachanua. Ukawa mwekundu, kisha mweusi, na msimu uliofuata hata magugu hayakuota pale. Alilia. Nyumba zetu zinatazamana, nilimsikia mwenyewe, na niliumia. Alipomaliza kulia akawakusanya wanawake saba wenye ngwe, wakaenda kupanda mikandaa mbele ya tuta.

Hapo nilimcheka, tena waziwazi. Walipanda kama wanavyopanda mpunga, mistari imenyooka, na baada ya miezi miwili wakaingia kupalilia! Katikati ya miche yao ulikuwa umejiotea mchu, mti mwengine wa pwani, vimche vidogo vingi kama mchicha. Wakaung'oa wote. Mwanamke wa bondeni hawezi kulala akijua ndani ya ngwe yake kuna kitu asichokipanda. Shamba likapendeza, ungesema limefagiliwa. Bamvua la kwanza likaondoka nalo lote, maana ule mchu ndio uliokuwa ukishika tope.

"Bi Mwanapili," nikamwambia, "bahari hailimwi."

"Ndiyo," akanijibu, miguu imejaa tope mpaka magotini. "Nshajua. Mwaka huu napanda na kuacha, kinachotaka kuota kiote. Na weye Bwana Bakar, badala ya kucheka ungekuja kushika jembe."

Sikwenda. Alipanda mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Ikawa hapiti mtu na mzigo wa kuni za mkandaa mbele ya nyumba yake bila ya kuambiwa maneno. Watu wakabadili njia. Mimi nikawa nanunua kuni zangu mbali, nazipitisha nyuma ya msikiti.

Basi ikafika harusi ya Yumna, binti yake huyo wa pekee. Nikaha baada ya Adhuhuri, wageni mia tatu, masufuria sita ya pilau. Saa mbili asubuhi nimeshateleka maji ya nyama kwa vijiti vya hapa na pale, likaja gari la ng'ombe la Nyange, mdogo wake Bi Mwanapili, limejaa. Nyange alitaka kumfurahisha dada yake kwa zawadi ya mjomba. Zawadi ameikata wapi? Mbele ya bonde la Chamboni, kwenye mikandaa mikubwa iliyobaki, kwa sababu ndipo karibu.

Bi Mwanapili akatoka, akazitazama zile kuni, akashika kipande kimoja akakinusa. Hakupiga kelele. Alipanda akakaa.

"Dada, shuka, unatufedhehesha," Nyange akasema. "Miti ishakatwa. Ukizikataa ndiyo itarudi?"

"Hairudi. Lakini zikiwaka, watu mia tatu watakula na kuona kwamba Mwanapili huwapigia kelele wenziwe, shughuli ikiwa yake hunyamaza."

"Na hao wenye viwanda vyao huko? Wenye ndege? Bahari wanaipandisha wao, weye unanikamata miye na gari langu la ng'ombe!"

Watu wakaguna. Hata mimi nilimwona Nyange ana haki, na nilikuwa nataka moto wangu.

Bi Mwanapili akamgeukia mdogo wake. "Bahari inapandishwa na watu nisiowajua, na wangekuwa hapa ningewakalia na wao. Lakini mlango kaufungua ndugu yangu. Ngwe yangu ishakwenda, Nyange. Inayofuata ni yako."

Ni kweli, ngwe ya Nyange iko nyuma ya ile ya dada yake, na ana watoto watano wanaokula humo.

Nilikuwa nimeghadhibika mpaka nikautupa mwiko. Nikatuma mtu ndani kwa Yumna amsihi mama yake, maana bibi harusi hakataliwi. Jibu likaja mara moja: "Bi harusi anasema, mama asishuke."

Sasa nifanye nini? Wanawake saba walikuwa wameshatawanyika bila ya kuniuliza. Wakarudi na vipolo begani, vimejaa vifuu vya nazi, makumbi, makarara, makuti makavu, kila takataka ya mnazi iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba za Chamboni. Nikawaambia wanaume wachimbe mfereji, tukapanga masufuria juu yake ili moto usikimbie na upepo. Nilikuwa najua siku zote kwamba mfereji hula kuni nusu. Sikuwahi kuuchimba kwa sababu mkandaa ulikuwepo.

Nisiwadanganye, ilikuwa tabu. Makumbi yanafuka, makuti yanawaka yakazimika kabla hujageuka, vifuu vina moto mkali wa papara. Macho yalinitoka machozi. Siku ile sikukaa kitako hata mara moja. Chakula kilichelewa, upande wa bwana harusi wakaanza kutazamana, na sufuria la nne lilinuka moshi. Nalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu limesemwa mpaka Tibirinzi. Lakini kwa makaa ya vifuu tuliyopalia juu ya mifuniko, wallahi, wali ulitoka punje mbalimbali. Bi Mwanapili alishuka kwenye rundo watu walipokwisha kula na kunawa mikono.

Kesho yake akamwamuru Nyange azipakie kuni zilezile azirudishe pwani. Zilichomekwa moja moja pale tuta lilipobomoka, fito kwa fito, na matope yakashindiliwa nyuma yake. Nyange alifanya kazi ile amenuna, bila ya salamu. Na mimi nilikwenda. Nilisema nimekwenda kutazama tu, ila nilirudi na malengelenge.

Bamvua kubwa la mwaka huu lilikuja mpunga ukiwa na mimba. Tulisimama kijiji kizima, hatuna la kufanya ila kutazama na kuleta uradi. Maji yalipita kusini, pasipokuwa na mti hata mmoja, yakaingia ngwe mbili za watu, na wenyewe walilia kama alivyolia yeye. Mbele ya ngwe ya Nyange yalifika kwenye fito, yakachungulia, yakakaa. Mikandaa ya miaka mitano ilikuwa imezama mpaka shingoni na mchu umejaa katikati yake. Maji yalipokupwa, ngwe ya Nyange ilikuwa bado ya kijani.

Hakuna aliyeshangilia. Bi Mwanapili alisema, "Mbili zishakwenda. Jumamosi tunapanda kusini," akageuka kwenda zake.

Siku hizi nikiitwa shughuli naulizia kuni kabla ya mchele. Nikisikia mkandaa, nachukua mwiko wangu narudi nyumbani. Nimeshakataa shughuli tatu, moja ya jamaa yangu wa damu, na hatusemezani mpaka leo. Naona ubishi unaambukiza.

Jumamosi ile nilifika pwani mapema, na bado nikamkuta Nyange amenitangulia. Alikuwa na pakacha zima la mbegu za mkandaa, ameziokota peke yake, na tangu harusi alikuwa hajampa dada yake zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Akaliweka pakacha miguuni kwa dada yake, macho ameinamisha.

"Nizipande wapi?" akauliza.

Bi Mwanapili akachukua mbegu moja, akaigeuza mkononi, akamwonesha tope lililo wazi.

"Kuanzia pale. Na usije kuzipalilia."