Jumamosi za Kuwasha Moto Rangwe

Enzi zetu, sisi tuliokulia Tarime kwa wazazi waliotoka Kenya, Jumamosi ya mwisho wa mwezi haikuwa siku ya kulala. Baba, fundi cherehani, alifunga kibanda chake sokoni Ijumaa, na kulipopambazuka tulikuwa Sirari tunavuka mpaka, mama na mfuko wa mchele, mimi nimemshika mkono mdogo wangu Akinyi. Wengine walivuka kwenda kutembea nchi ya jirani. Sisi tulikwenda kuwasha moto.

Baba alikuwa na nyumba ya udongo na nyasi kwao Rangwe, haikai mtu. Alisema mwanamume akifia ugenini lazima aingie kwanza kwake ndipo azikwe, na nyumba isiyopata moshi huliwa na mchwa. "Sitaki siku hiyo niombe mlango wa mtu."

Tulishuka Migori kununua mkate. Tulipomwamkia muuza ndizi shikamoo, kama tulivyofunzwa shuleni Tarime, aliwaita wenzake. "Kujeni muone watoto wa Tanzania. Wananisalimia kama bibi ya chifu." Basi kila mmoja akataka aamkiwe, na kila mmoja akatupa ndizi. Tuliamkia hata wasichana waliotuzidi miaka miwili.

Rangwe, mama alikandika sakafu kwa samadi mbichi, sisi tukaokota kuni. Moshi ulipopenya kwenye nyasi, baba alikaa mlangoni macho yakimtoka machozi, ameridhika kabisa. Majirani waliouona walikuja na omena, dagaa wa ziwani.

Nilipoingia kidato cha kwanza nikaanza kuona haya kwenda shule Jumatatu ninanuka moshi. Nikasema tumbo linauma. Halikuuma. Mama hakutaka kuniacha, na baba hakutaka kwenda bila sisi. Mwezi uliofuata nikasema tena. Hivyo hivyo mwaka ukaisha, na mvua zake.

Kisha baba akafariki ghafla. Tulipomfikisha Rangwe, paa lilikuwa limelala sakafuni. Jeneza likawekwa kwa baba mdogo, huku wanaume wakisimamisha nyumba nyingine siku hiyo hiyo. Baba mdogo hakumlaumu mtu. Aliweka mkono juu ya jeneza akasema, "Ndugu yangu, ngoja kidogo. Mlango wako unakuja."

Habari ya tumbo sijawahi kumwambia mtu.

Siku hizi ninawavusha wanangu. Hawaamkii mtu Migori, vichwa vyao vimo kwenye simu, na wakifika Rangwe hulalamikia mtandao kabla hawajalalamikia njaa. Juzi mkubwa aliniuliza kwa nini tunawasha moto, na nyumba niliyojenga ni ya matofali na mabati, mchwa hawaiwezi. Anasema kweli. Nilimwambia aongeze kuni, nikaenda kukaa mlangoni, upande ule kaburi linakoonekana, mpaka moshi ukanifikia machoni.