Mapipa Yana Wenyewe

Kwa desturi ya kwetu mlimani, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi. Watu wa nje wakisikia hivyo hudhani ni bahati. Kaka yangu mkubwa alipewa kipande chake cha kihamba, shamba la ukoo, akiwa bado kijana, akaiachia migomba ijitunze yenyewe, akashuka Dar es Salaam kufungua duka. Huko wateja wanamwita Mangi, kama wanavyomwita kila mwenye duka kutoka kwetu. Dada yangu akaolewa hukohuko. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwenye miguu alishuka mjini kutafuta cha kuuza. Mimi nikabaki na mama, ng'ombe mmoja, na mapipa manne ya maji ya mvua.

Mapipa yale aliyanunua baba Moshi mjini, muda mfupi kabla hajafariki. Yalikuwa yamebeba mafuta ya mitambo na yalinuka hadi sebuleni. Mama aliyajaza majani makavu ya migomba, akayatia moto, kisha akayasugua kwa mchanga na majivu, akarudia tena na tena mpaka tukadhani amesahau kupika. Yalipokubali kutakata akaweka moja kila pembe ya nyumba, juu ya mawe, akatugawia. Moja lake, moja la kaka, moja la dada, moja langu. Kila mtu alisugua lake, akafunika lake, akachota kwenye lake. Aliyemaliza maji yake kabla ya wenzake alikwenda mfongoni na ndoo huku wakimcheka. Mfongo ni mfereji wa tangu enzi za mababu, unatoa maji mtoni na kuyapitisha vihambani. Wa kwetu ulipita chini kabisa ya mteremko, na kuupanda ule mteremko na ndoo kichwani si mchezo.

Hatukuwa na mifereji ya bati. Tulipasua mashina ya migomba katikati, tukayaning'iniza kwa kamba chini ya paa, maji yakatembea ndani yake hadi pipani. Mashina yanaoza upesi, kwa hiyo kila msimu tulikata mapya. Na mvua ya kwanza hatukuikinga hata kidogo. Mama alisema hiyo ni ya kuosha bati, inabeba vumbi la kiangazi chote na mavi ya ndege, iacheni iende zake. Tulisimama barazani tukiitazama inavyomwagika, na mimi, niliyekuwa nimetoka kupanda na ndoo wiki nzima, niliona ni kufuru. Mvua ya pili ndipo tulipoyaelekeza mashina mapipani na kufunga kipande cha kanga kwenye kila mdomo wa pipa, kichuje takataka.

Jioni mama alizunguka nyumba akiyagonga kwa vifundo vya vidole, akianzia juu na kushuka taratibu. Penye maji sauti ni nzito na fupi. Pasipo na maji pipa linavuma. Kufika mwisho wa Januari yote yalikuwa yanavuma kutoka juu mpaka chini, naye alilalamika kwamba amezaa watoto wanaokunywa kama ng'ombe. Sikujua wakati huo kwamba ile sauti ya pipa tupu ilikuwa sauti ya nyumba yenye watu.

Kaka na dada walipoondoka, nilifikiri sasa maji yatatutosha. Mama hakutaka kusikia habari hiyo. Mapipa yao tuliyakinga mvua kama kawaida, tukayafunika, na hayakuguswa.

"Lile ni la kaka yako," aliniambia. "Atakuja Desemba."

Ni kweli walikuja. Desemba watu wa kwetu wote hupanda mlima, hata yule aliyegombana na ndugu zake mwaka mzima. Kaka akifika, kabla hajaingia ndani, alikwenda kwenye pipa lake, akafunua, akachota kwa kata, akanawa uso, akanywa. Dada aliosha nywele kwa maji ya pipa lake, akisema maji ya chumvi ya Dar yamezikausha. Mama alisimama mlangoni akiwatazama, mikono kifuani. Nadhani hapo ndipo Krismasi yake ilipoanzia. Misa na nyama ya mbuzi vilikuja baadaye.

Gharama ya sherehe hiyo niliibeba mimi kichwani. Pipa langu na la mama yalipokauka, niliteremka mfongoni na kupanda tena, nikipita kando ya mapipa mawili yaliyojaa pomoni. Nilinung'unika sana, sikatai.

"Mama, sisi tunakunywa maji ya mfongo, na ya mvua tumewafunikia watu wa Dar."

"Sasa yakiisha," alinijibu, "watakuja kunawa nini?"

Nikachukua ndoo.

Mama alifariki katikati ya masika, mapipa yote yakiwa yamejaa. Walikuja wengi, tukamzika palepale kihambani karibu na baba, tukapanda masale, mmea wetu wa heshima, juu ya kaburi. Matanga yakaisha. Kaka akarudi dukani, dada akarudi kwa mume wake, nami nikarudi jikoni nikakuta nimemenya ndizi za watu wawili.

Upweke wa nyumba ya wazazi ni mgumu kuueleza kwa mtu ambaye hajaachiwa nyumba. Kiti cha mama kilikuwa pale. Mkeka wake ulikuwa pale. Nilianza kuzungumza na ng'ombe, kwanza kwa utani, halafu kwa dhati, nikamweleza bei ya kahawa ilivyoporomoka na jinsi majirani wanavyong'oa mibuni wapande nyanya. Kuoa nilikuwa nimechelewa, na sina la kujitetea isipokuwa kwamba siku zilikwenda. Jioni nilizunguka nyumba nikigonga mapipa, kwa sababu mama aliyagonga, na kwa sababu ilikuwa kazi ya kufanya kabla giza halijaingia.

Jirani yetu wa chini, mama mmoja mtu mzima aliyefuga nguruwe na kujua habari za kila nyumba, ndiye aliyenitia jambo kichwani. Alikuja kunisabahi baada ya matanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebaki peke yako kweli. Hao ndugu zako sasa utawaona wapi? Mama akishaondoka, watoto wa mjini huwa wanapotea. Utaona Desemba hii."

Maneno yale yalinikaa rohoni kuliko mahubiri yote ya mazishi. Kama wasingekuja, basi nyumba ile isingekuwa tena nyumbani kwa mtu yeyote, ingekuwa tu mahali ninapolala. Nikajiambia watakuja, na wakija wakute kila kitu kama alivyokiacha mama. Nilifunika pipa la kaka na la dada. Nililifunika na la mama pia. Nikabaki na langu moja, na likaisha mapema, kwa kuwa ng'ombe naye anakunywa. Kuanzia hapo nikawa mtu wa mfongo, asubuhi na jioni.

Jirani aliniona napanda na ndoo, akasimama kwenye ukingo wa kihamba chake.

"Aisee, mwanangu, mapipa yote yale na bado unabeba ndoo? Unamtunzia nani?"

"Yana wenyewe."

Akasonya, akarudi kwa nguruwe wake. Hakuniuliza tena, lakini yule mama hakuwa mtu wa kukaa na habari tumboni. Mwanawe mmoja alikuwa na kibanda sokoni Dar, karibu na duka la kaka.

Vuli ilipoanza, nilikata mashina mapya ya migomba. Niliiacha mvua ya kwanza ioshe bati. Niliyafua yale matambara ya kanga, nikayafunga upya. Wiki ya Krismasi mapipa matatu yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, maji meupe, baridi, ungeweza kuona kutu chini. Nikasugua kata. Nikamwambia ng'ombe wanakuja.

Na walikuja. Nilisikia gari kabla sijaliona, nikatoka barazani. Kaka alishuka na mke wake na watoto, dada akatokea mlango wa nyuma wa gari amembeba mtoto aliyelala. Watoto wakaniamkia vizuri, "Shikamoo baba mdogo," kisha wakaanza kushusha katoni za maji ya chupa, kwa sababu mama yao aliogopa wataharisha. Nyuma yao ilipanda pikapu kutoka Moshi mjini, imebeba tangi jeusi la plastiki, refu kuliko mlango wa nyumba. Ndani yake wangeweza kusimama watu.

Kaka alinikumbatia. Nilimsubiri aende kwenye pipa lake. Alilipita, akazunguka nyumba na fundi, wakioneshana mahali pa kujenga kitako cha tangi.

"Umeteseka sana, mdogo wangu," aliniambia. "Tumesikia unavyopanda na ndoo kutoka mfongoni, mtu mzima, kila siku. Dada yako alilia. Tukasema hapana, tuchange."

Nilifungua mdomo nimweleze. Ningeeleza nini? Kwamba maji nilikuwa nayo, kwamba nilibeba ndoo ili yeye anawe uso? Mbele ya mke wake, mbele ya fundi? Nikasema asante. Na nilikuwa na haki ya kusema asante, maana tangi lile lilinunuliwa kwa upendo.

Kazi ilianza siku hiyohiyo, kwa kuwa kaka alikuwa na siku chache. Fundi aliangusha mashina ya migomba akafunga mifereji ya bati, ile wanayoiita gata. Maji ya kukorogea saruji aliyachota kwenye pipa lililokuwa karibu naye, ambalo lilikuwa la mama. Watoto waliona gari limejaa vumbi la safari, wakaliosha kwa maji ya pipa la dada, wakirushiana na kucheka. Dada alichovya mkono, akasema, "Ya baridi kweli," akaenda kumlaza mtoto. Niliwaangalia. Iliniuma, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekosea.

Ilipofika zamu ya pipa la kaka, fundi alilishika ukingoni alipindue.

"Hayo mapipa yana wenyewe," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Kaka akaangua kicheko. "Wenyewe si ndio sisi?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Pipa likapinduliwa, maji yakakimbia kati ya migomba hadi kwenye mibuni, yakafuata njia ileile iliyokuwa ikifuatwa na mvua ya kwanza. Kutu ilikuwa imekula pipa pembeni, kaka alikuwa sahihi kusema litawakata watoto. Jirani alichukua mawili ya kulishia nguruwe. Mengine yalikwenda na mnunuzi wa vyuma chakavu, nami nilimsaidia kuyaviringisha hadi barabarani.

Krismasi ilikuwa nzuri. Tulikwenda misa, tukachinja, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tukapeleka maua kaburini. Walipoondoka dada alinishika mkono kwa muda mrefu dirishani mwa gari. "Sasa angalau roho zetu zimetulia," akasema.

Masika ilipokuja, tangi lilijaa kabla hata mvua haijakolea. Bomba lake chini lina koki, unafungua, maji yanakuja. Sikuteremka tena mfongoni. Wakati mwingine nilikaa na ndoo mkononi bila kazi nayo, na nikagundua kwamba kule mfongoni nilikuwa nakutana na watu, tunasalimiana, tunasengenya kidogo. Sasa zikapita siku nzima sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Desemba iliyofuata kaka alipiga simu. Yule jirani alikuwa ameshapata simu ya mkononi, akapanda nayo mteremko akihema, akanikabidhi. Kaka alisema biashara imekuwa ngumu, barabara ni ndefu, watoto wana masomo ya ziada likizo, na dada naye mume wake hajisikii vizuri. Labda Pasaka.

"Vipi tangi," akauliza, "linatosha?"

"Linatosha."

"Afadhali. Maana zamani tulikuwa tunakuwazia sana. Sasa hatuna wasiwasi na wewe."

Nikamrudishia jirani simu yake. Hakuniambia lolote, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa huruma kubwa.

Siku ya Krismasi nilirudi kutoka misani mchana, nikamkatia ng'ombe majani, nikapika mtori wa mtu mmoja, nikaukosea kidogo, ukawa wa watu wawili. Kisha nikatoka nje na kuzunguka nyumba kwa mazoea. Pembe nne zilikuwa na mawe matupu. Nikaenda kwenye tangi nikaligonga kwa vifundo vya vidole, kuanzia juu ninapofikia, nikishuka taratibu kama mama, nikitafuta mahali sauti itakapobadilika. Haikubadilika. Nikadhani nimeenda haraka, nikaanza tena juu. Nilikuwa nimekunywa, nimeoga, nimefua, nimenywesha ng'ombe mwaka mzima, na lilikuwa limejaa.