Konzi Moja Sufuriani

Mpaka anaingia kaburini, Lul hakumpa mwanamke mjamzito sahani bila kuipunguza. Alipakua wali na nyama ya mbuzi, akaisogeza sahani mbele ya mgeni, kisha mkono wake ukarudi, ukachota konzi moja na kuirudisha sufuriani. Wanawake wote wa upande ule wa Hadado waliijua konzi hiyo, na wengi waliishukuru.

Lul alikuwa mkunga, na alikuwa na sababu yake. Alipokuwa msichana, dada yake Osob alikaa siku tatu na uchungu kwenye kambi ya ngamia, mtoto mkubwa amekwama, gari hakuna, barabara hakuna. Lul ndiye aliyempakata kichwa mpaka kikawa kizito. Tangu hapo akashika kanuni moja: mimba ikifika mwezi wa saba, chakula kipungue. Mtoto mdogo hapiti kwa vita.

Hinda, muuguzi wa zahanati, aliijua habari ya Osob na hakuwa na neno la kuishinda. Alikuwa na utepe wa kupimia tu. Kila alipoulaza juu ya tumbo la mjamzito, Lul, ambaye hakukosa kuwasindikiza wanawake wake, alicheka mlangoni.

"Fundi cherehani! Leo unamshonea nani gauni?"

Wanawake walicheka, na mara nyingine Hinda naye alicheka. Siku alipompima Ramla hakucheka. Ramla alikuwa mke wa mwana wa Lul, na mimba ilikuwa ya kwanza. Wiki thelathini na moja, sentimita ishirini na sita. Baada ya wiki mbili, ishirini na sita na nusu.

"Eeddo Lul," Hinda alianza, akimwita shangazi kwa heshima, "mtoto huyu hakui. Tumbo lilitakiwa kufika hapa." Akagusa. "Damu ya Ramla nayo ni haba. Mwache ale. Na kesho aende hospitali ya Wajir wamtazame."

"Wamtazame au wampasue?"

"Wamtazame."

"Kisu huanza hivyo hivyo, kwa kutazama. Binti yangu, mtoto atakulia nje. Huku nje kuna maziwa."

"Kuna vitu havingoji kukulia nje, eeddo. Ubongo wake unajengwa sasa."

"Wewe umezaa wangapi?"

Hinda hakuwa amezaa. Aliuzungusha utepe kidoleni, akaukunjua, akauzungusha tena.

"Sista," Ramla akasema kwa upole, "wakinipasua mara moja watanipasua kila mara. Mimi nataka watoto wanane."

Ijumaa iliyofuata Hinda aliwatembelea nyumbani, akala nao, na akauona mkono ule ukirudi kwenye sahani ya Ramla.

"Mrudishie!" alisema, kwa ukali uliomshtua mwenyewe.

Lul aliirudisha konzi bila ubishi, kwa kuwa mgeni hanyimwi. Lakini Hinda alijua kwamba kesho yeye hatakuwepo, na keshokutwa pia.

Hani, mtoto wa Ramla, alizaliwa alfajiri kwa wakati wake, kilo moja na gramu mia nane. Jua halijapanda, kazi ilikuwa imekwisha.

"Umeona?" Lul alisema, uso wote unang'aa. "Ramla hata kelele hakupiga!"

Hinda, aliyekuja na mizani, aliwatazama wote wawili. Mama alikuwa mzima, mtoto alikuwa analia, ingawa kwa sauti ya paka. Alimfunga Hani kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akarudi zahanati na hasira isiyo na mahali pa kukaa. Ushahidi wote asubuhi ile ulikuwa upande wa Lul.

Ushahidi mwingine ulichukua miaka. Hani alitembea akikaribia miaka miwili. Kifua kilimbana kila upepo ulipogeuka. Alipofika miaka minne maneno yake yalikuwa machache, na herufi alizofundishwa duksi, kwenye chuo cha Kurani, asubuhi hazikuiona adhuhuri. Lul alimnywesha maziwa ya ngamia mpaka mtoto akafumba mdomo. Yeye aliyeucheka utepe, sasa alikuwa wa kwanza mlangoni siku ya mizani.

Mkono wake, hata hivyo, haukuacha. Jirani mjamzito akipewa sahani, konzi bado ilichotwa, ila sasa iliingia kwenye bakuli la Hani. Siku Hinda alipoliona hilo nyumbani kwao alitoka nje, akasimama juani mpaka aweze kusema bila kupiga kelele.

Ni huko nje Lul alikomfuata.

"Ni mkono wangu?" aliuliza.

Hinda alikuwa amelinoa jibu la swali hilo miaka minne. Swali lilipofika, hakuweza kulitumia jibu hilo. Huenda ilikuwa konzi. Huenda ilikuwa damu haba, au kondo la nyuma lililoshindwa kazi yake.

"Sijui, eeddo. Hatukwenda kutazamwa."

Lul akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sufuria zake.

Wiki mbili kabla ya homa iliyomchukua, alifika zahanati akitegemea fimbo, Hani mkono wa pili. Hinda alimpandisha mtoto kwenye mizani, miguu mitupu kama kawaida. Kilo kumi na moja na nusu, kama mwezi uliopita, kama mwezi ule mwingine. Akaandika. Lul aliitazama kalamu mpaka iliposimama. Kisha akainama kwa taabu, akaokota ndara za mjukuu wake na kuzipangusa vumbi kwa pindo la shuka.

"Mpime tena," alisema. "Safari hii na viatu."