Bega la Kushoto

Kutoka Malaba hadi Emali nilikaa siku tatu juu ya magunia ya mahindi, nyuma ya lori. Emali nikapata kazi ya kupakia mizigo, na mizigo ikanifikisha Tawa. Nilidhani nitakaa wiki moja. Nilikaa miaka minne, katika chumba cha mjane mwenye punda wawili wa maji na ulimi mkali. Nilimwita mwaitu, mama, kama wote pale.

"Wewe hujui kukaa," aliniambia mara nyingi. "Hata kiti unakikalia upande, kama mtu anayesubiri gari."

Asubuhi moja, mwaitu akimfunga punda mitungi, alipigwa teke ubavuni, upande wa kushoto. Hakutoka damu. Alimtukana punda, akaenda mtoni. Saa tano akaniita: bega la kushoto lilikuwa linamuuma.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu. Kanda, acha maswali."

Tulizoea hivyo: aliyeanguka au kugongwa hukandwa. Nilipasha mafuta, nikakanda bega, kisha nikashuka hadi mbavuni. Alisaga meno. Nikadhani misuli inalegea, nikaongeza nguvu. Nilipomtazama, uso ulikuwa umelowa jasho baridi na midomo imepauka. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa.

Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake.

"Mwaitu, usilale."

"Silali. Nakuchunga usije ukauza punda wangu." Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nikamwonyesha bega.

"Teke lilimpata wapi?"

"Ubavuni."

"Mbona unanionyesha bega?"

Alibonyeza tumbo taratibu. Mwaitu akaudaka mkono wake. Daktari akapitisha kifaa cha picha juu ya ngozi, na kwenye skrini ukatokea utepe mweusi.

"Hiyo ni damu. Bandama imepasuka. Damu ikijaa pale juu, maumivu husikika begani." Akanusa hewa. "Nani alimpaka mafuta?"

"Mimi. Nilimkanda. Hadi mbavuni."

Nilingoja anifokee. "Una kundi gani la damu?" akauliza.

"Sijui."

"Njoo upimwe. Haraka."

Damu yangu ilimfaa. Wakamwingiza chumba cha upasuaji, nami nikakaa kwenye benchi na pamba mkononi. Nilinawa mikono mara mbili. Harufu ya mafuta haikutoka. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Mwishowe daktari akatoka, akavua barakoa. Walikuwa wameitoa bandama. Damu ilikuwa imekoma. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, akaacha hapo.

Nilikuwa nimepanga kuondoka mwezi huo. Nikabaki, nikateka maji mimi, hadi asubuhi niliyomkuta mwaitu akifunga mitungi mwenyewe, amesimama mbali na miguu ya nyuma ya punda. Nikaenda kuchukua begi langu.

Aliliona, hakushangaa.

"Huko uendako," alisema, "mtu akikuambia anaumwa, muulize kwanza alipigwa wapi."

"Nitamuuliza."

"Na usimkande."

Akampiga punda kofi mgongoni, wakashuka kuelekea mtoni.