Mmeelewa? Ndiyooo!

Leo nimeumbuliwa na mwanafunzi niliyemfundisha mwenyewe kufungua mdomo.

Jamani.

Anaeli wa kidato cha pili ana uoni hafifu. Mwezi mzima nimekuwa nikimwambia, "Usikae kimya kama bibi harusi. Ukihitaji kitu, simama useme." Nikajisifu mpaka ofisini kwa walimu.

Leo namaliza kuandika ubaoni, nauliza kama kawaida, "Mmeelewa?"

Darasa zima: "Ndiyooo, madam!"

Anaeli akasimama. "Mimi hapana, madam. Naomba uandike herufi kubwa, na usome kwa sauti unapoandika."

Nikatabasamu. Mwalimu bora wa kata nzima ya Maji ya Chai ni mimi!

Kisha akaongeza, kwa heshima zote: "Nilimwomba Baraka hapa jirani yangu anisomee. Na yeye ameshindwa."

Baraka huyo ana macho ya mwewe. Nikamgeukia. "Kweli?"

Akainamisha kichwa. "Madam, mwandiko wako… hatujausoma tangu muhula uanze."

Watoto arobaini! Kumbe ile "ndiyooo" yote ilikuwa salamu tu.

Nikafuta ubao. Nikaandika upya, maandishi makubwa, huku nasoma kwa sauti. Vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Sasa mnaona?"

Vichwa vyote vikamgeukia Anaeli, wanasubiri ajibu yeye kwanza.

Akakaza macho, akapima.

"Bado kidogo, madam. Ongeza."

Walimu wenzangu, chekeni tu. Ila nani kesho ana ubavu wa kuliuliza darasa lake kama mwandiko wake unasomeka?